Nyumba ya Miti na Udongo Katika Historia ya Pwani

Mtu anayetaka kuijua historia ya ujenzi katika pwani ya Afrika ya Mashariki huelekezwa kwanza kwenye mawe. Huonyeshwa magofu ya Gedi na ya Kilwa Kisiwani, majumba ya Lamu na ya Unguja, mihirabu ya misikiti ya kale na milango ya nakshi. Vitu hivi vinastahili sifa vilizopewa. Walakini, katika kila karne inayojulikana, watu wengi wa pwani hawakuishi ndani ya kuta za mawe. Waliishi katika nyumba zilizojengwa kwa nguzo na fito, zikakandikwa kwa udongo na kuezekwa kwa makuti. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa makazi ya mvuvi, ya mkulima, ya fundi na ya mwalimu wa chuo, na mara nyingi ilikuwa makazi ya tajiri pia kabla hajapata uwezo wa kuchoma chokaa.

Hata hivyo, nyumba hii haikuheshimiwa na wanahistoria kwa kadiri ya umri wake. Katika mipango ya miji na katika mazungumzo ya kila siku huitwa nyumba ya muda, na jina hilo huchukuliwa kuwa ni maelezo ya tabia yake. Uchunguzi wa ufundi wake, wa msamiati wake na wa sheria zilizoitawala wadhihirisha vingine. Kwanza, nyumba ya miti na udongo ndiyo jengo la kale kuliko yote ya pwani, na nyumba ya mawe ilichipuka juu ya misingi yake. Pili, hali yake ya kuwa ya muda haikutokana na miti wala na udongo peke yake. Kwa sehemu kubwa ilitokana na hukumu iliyotolewa juu ya ardhi ambayo nyumba hiyo ilisimama.

Mifupa ya nyumba

Ujenzi huanza kwa nguzo. Fundi akishapima mraba wa nyumba, huchimba mashimo na kuzisimika nguzo za pembeni, kisha zile za katikati ambazo ni ndefu zaidi. Juu ya vichwa vya nguzo hulazwa miamba, yaani miti mirefu inayozifunga nguzo pamoja na kupokea uzito wa paa. Kutoka miamba ya ukutani hadi mwamba wa juu hupandishwa makombamoyo, na juu ya makombamoyo hupitishwa pau za kushikilia makuti. Viungo vyote hivi hufungwa kwa kamba, na kwa muda mrefu nyumba nzima ilisimama pasipo msumari hata mmoja.

Paa huezekwa kwa makuti ya viungo, ambayo ni majani ya mnazi yaliyokunjwa na kushonwa juu ya kijiti. Hayo ni tofauti na makuti ya kumba, yanayosukwa kwa ajili ya nyua. Mwezekaji huanza chini, kwenye upenu, akapanda safu baada ya safu, ili kila safu ifunike vichwa vya ile iliyotangulia na maji ya mvua yateremke bila kupata pa kupenyea. Upenu hutokezwa mbali na ukuta kwa sababu mbili: kuukinga udongo na mvua, na kuitilia kivuli baraza ya mbele.

Baada ya hapo ndipo kazi ya ukuta hufuata. Fito hufungwa kwa kulala, nje na ndani ya nguzo, mpaka pawe na mfano wa tenga. Nafasi zilizobaki hutomewa kwa udongo uliolowekwa na kukanyagwa vizuri, na mahali penye mawe madogo ya matumbawe huchanganywa humo ili kuushika udongo. Kukandika ilikuwa kazi ya majirani wengi kwa siku moja. Wengine huteka maji, wengine hukanyaga udongo, wengine hutupa matonge ukutani kutoka pande mbili kwa pamoja, na mwenye nyumba huwapikia. Ukuta ukikauka hupasuka, hukandikwa mara ya pili, na mwenye uwezo huupaka chokaa. Ukuta uliokamilika hivyo huitwa kiambaza.

Mpango wa ndani hutofautiana kwa mahali na kwa wakati. Ule ulioenea katika miji ya karne ya 20 ni wa ukumbi mmoja unaokata nyumba kutoka mlango wa mbele hadi wa uani, na vyumba kila upande, mara nyingi vitatu kwa vitatu. Mbele kuna baraza, mahali pa wageni na mazungumzo; nyuma kuna ua, jiko na choo, mahali pa wanawake na watoto. Mgeni huweza kupokelewa kwa heshima zote pasipo kuvuka kizingiti. Mpangilio huo wa kutoka hadharani kuingia faraghani, hatua kwa hatua, ndio uliotukuzwa katika majumba ya mawe ya Lamu. Nyumba ya udongo huutimiza kwa gharama ndogo.

Lipo jambo moja la ufundi ambalo halina budi kusisitizwa. Ukuta wa nyumba hii haubebi paa. Paa hubebwa na nguzo, na udongo ni vazi tu lililovishwa mifupa. Ndiyo maana fundi huweza kuezeka kwanza na kukandika baadaye, akifanya kazi ya udongo chini ya kivuli. Ndiyo maana pia ukuta huweza kuporomoka masika na nyumba ikabaki imesimama, ikingoja udongo mpya. Wahenga walisema kwamba nyumba ya udongo haihimili vishindo, na kwa habari ya udongo walisema kweli. Lakini nyumba inayozungumzwa hapa ni nyumba ya miti. Sehemu inayoharibika upesi ndiyo ile iliyo rahisi kubadilishwa: makuti baada ya miaka michache, udongo baada ya mvua kubwa, nguzo moja moja inapooza pale inapokutana na ardhi. Nyumba iliyotunzwa hivyo huweza kurithiwa na wajukuu ingawa haina ndani yake hata ufito mmoja wa siku ya kwanza.

Ushahidi wa msamiati

Msamiati wa nyumba hii nao una historia yake. Neno nyumba lenyewe linapatikana katika lugha nyingi za Kibantu: Wagiriama na Wanyanja husema nyumba, Wakikuyu na Wakamba husema nyũmba, Waganda husema ennyumba. Mlango ni muryango kwa Wagiriama na omulyango kwa Waganda. Kujenga ni kudzenga katika Kimijikenda. Maneno haya hayakuletwa na merikebu. Yalikuwako katika vinywa vya wasemaji wa Kibantu kabla Kiswahili hakijawa lugha ya peke yake, na pamoja nayo nguzo, ufito, ukuta na kamba zimo katika hazina hiyo hiyo ya Kibantu.

Kinyume chake, sehemu kadhaa zinazohusiana na nyumba ya mawe zina majina ya kukopwa. Sakafu ni kutoka Kiarabu, ambako saqf ni dari au paa. Na maana hiyo ya asili yaeleweka kwa urahisi, kwa kuwa paa bapa la chokaa la nyumba ya chini huwa sakafu ya yule akaaye juu. Ghorofa ni neno la Kiarabu la chumba. Dirisha, rosheni na saruji yana asili ya Kiajemi. Hata msumari, ulioishika nafasi ya kamba, ni wa Kiarabu.

Haifai, hata hivyo, kuuvuta ushahidi huu kupita kiasi. Waandishi wengi wa enzi ya ukoloni waliona maneno kama haya, wakaona na maandishi ya Kiarabu misikitini, wakahukumu kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo, na kwamba wenyeji wa vibanda vya udongo walikuwa watazamaji au watumwa wao. Mkopo wa neno si mkopo wa mji. Baraza ni neno lenye asili ya Kiarabu, lakini kikao cha jioni mbele ya nyumba ya makuti hakikuhitaji mwalimu wa kigeni. Ili kuamua nani alitangulia na nani alifuata, iliwapasa watafiti kuchimba chini ya mawe.

Yaliyofukuliwa chini ya mawe

Kisiwani Pate, mahali paitwapo Shanga, Mark Horton alichimba kati ya mwaka 1980 na 1988. Juu ya ardhi palikuwa na magofu ya mawe ya mji ulioachwa yapata mwanzo wa karne ya 15. Chini ya magofu hayo zilionekana tabaka nyingi za makazi, zikianzia karne ya 8, na katika zile za chini kabisa majengo yalikuwa ya miti na udongo. Miti yenyewe ilikuwa imekwisha oza. Kilichobaki ni alama za mashimo ya nguzo, duara za udongo wenye rangi tofauti na udongo ulioyazunguka. Chini ya msikiti mkuu wa mawe ilipatikana mifuatano ya misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, kabla ya ule wa kwanza wa mawe kujengwa pale pale. Nyumba za watu zilikawia zaidi. Nyingi hazikugeuka kuwa za mawe hadi karne ya 14. Kwa hiyo mji wa mawe haukutua pwani kutoka mahali pengine. Ulikua mahali pake, na mifupa yake ya kwanza ilikuwa nguzo na fito.

Wala kuja kwa mawe hakukuiondoa nyumba ya miti. Huko Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, majumba, kasri na msikiti mkuu vimo ndani ya ukuta wa ndani, na kati ya ukuta huo na ule wa nje ndiko walikoishi watu wengi katika nyumba za udongo na makuti. Anayetembelea Gedi leo huona kasri, lakini sehemu kubwa ya mji ule haionekani tena kwa macho. Mwaka 1999 Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette, kwa kutumia utafiti wao wa kisiwani Pemba, waliandika katika jarida la Azania kwamba wakazi wa nyumba za miti na udongo ndio wengi walionyamaza katika elimukale ya Waswahili. Tangu hapo uchimbaji umezidi kuwatafuta.

Wasafiri nao waliona. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliusifu msikiti wa Mombasa kuwa wa miti uliojengwa kwa ustadi, na Kilwa aliueleza kuwa ni mji mzuri uliojengwa kwa miti. Wareno walipoishambulia Mombasa mwaka 1505 walikuta nyumba za mawe zenye kuungana na nyumba za miti na vibaraza vya makuti. Moto walioutia ulienea kwa njia hiyo, kutoka paa hadi paa. Habari hiyo ya msiba yaonyesha kwamba katika mji mmoja, na hata katika uwanja wa familia moja, mawe na miti viliishi pamoja.

Miti ya kujengea

Yafaa pia kukumbuka kwamba nyumba ya mawe yenyewe haikuweza kusimama bila miti. Dari yake ililazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vya majumba ya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake usizidi sana mita 3. Aliyejenga kwa mawe alipimiwa chumba chake na mti wa mikokoni, sawa na jirani yake aliyejenga kwa udongo.

Wakataji wa Lamu huigawa miti hiyo kwa unene wake: fito ndizo nyembamba kuliko zote, kisha pau, mazio, boriti na nguzo, na banaa ndiyo nene kupita zote. Huhesabiwa kwa korija, na kila korija ni miti 20. Mgawanyo huu ni sarufi kamili ya nyumba, kwa maana kila unene una mahali pake ukutani au paani. Miti hiyo ilijenga mbali na kwao. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za Siraf katika Ghuba ya Uajemi zilijengwa kwa msaji na miti mingine iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Biashara hiyo iliendelea kwa majahazi hadi karne ya 20, na katika nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain bado zaonekana dari za boriti za Afrika ya Mashariki, ambazo watu wa huko huziita chandal. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuipeleka miti hiyo ng'ambo, na mwaka 2018 ukataji wa misitu kwa jumla ulisimamishwa. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hivyo hatua hizo ziligusa maisha ya wakataji moja kwa moja. Pia zilidhihirisha kwamba nyumba ya miti hudumu endapo tu msitu unaoilisha utadumu.

Nyumba bila ardhi

Kisha ukaja utawala wa kikoloni, na pamoja nao nyumba ikapata maana mpya: ikawa kipimo cha kodi. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika eneo lao mwaka 1897, na Waingereza wakafanya hivyo katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki mwaka 1901. Jambo lililokuwa zito zaidi kwa watu wa pwani ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Kila aliyedai ardhi alitakiwa kuandikisha dai lake. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wenye elimu ya mahakama na wenye mali walipata hati. Wengi waliokuwa wakilima na kujenga kwa desturi za jamaa zao walijikuta wapangaji juu ya ardhi ya mababu zao.

Kutokana na hali hiyo ulienea Mombasa utaratibu unaojulikana kama nyumba bila ardhi. Desturi ya pwani tangu zamani ilikubali kwamba mnazi waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, na nyumba vivyo hivyo. Lakini sasa desturi hiyo ilitumika chini ya hati zisizobadilika. Mjenzi humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba ni yake, aweza kuiuza, kuipangisha au kuirithisha. Ardhi si yake kamwe. Na ili haki yake isije ikaota mizizi, mwenye ardhi humkataza kujenga kwa mawe na saruji. Ruhusa ni ya miti, udongo na makuti, baadaye bati. Hapo ndipo neno nyumba ya muda lilipopata nguvu yake ya kweli. Nyumba haikuwa ya muda kwa sababu mjenzi hakujua kujenga ya kudumu. Ilikuwa ya muda kwa sababu alikatazwa kudumu.

Hali haikuwa tofauti sana mahali pengine. Ng'ambo ya Unguja, mtaa uliojengwa na wengi waliokuwa wametoka utumwani, wakazi waligoma mwaka 1928 kulipa kodi ya viwanja. Nairobi, katika mtaa wa Pumwani ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika walijenga nyumba zao wenyewe za miti na udongo kwa mfano wa pwani, juu ya viwanja vya manispaa. Na mtaa jirani wa Pangani ulipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, umiliki wa nyumba haukuwapa wenyewe haki juu ya ardhi iliyokuwa chini yake. Jina Majengo, linaloitambulisha mitaa ya namna hii katika miji mingi ya Kenya na Tanzania, lina maana ya vilivyojengwa, na latosha kukumbusha ni nani aliyejenga.

Baada ya uhuru, nyumba ya udongo ilionwa kuwa dalili ya umaskini ambayo haina budi kufutwa. Unguja, sehemu ya Ng'ambo ilivunjwa baada ya mwaka 1964 ili kupisha majumba marefu ya Michenzani. Tanzania Bara, kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kulifuatana na wito wa nyumba bora. Nia ya afya na maendeleo haikuwa mbaya, na hakuna sababu ya kumsifia mtu paa linalovuja. Lakini wito huo ulipima ubora kwa kitu kilichotumika kujengea, ukasahau kuuliza nani anamiliki kiwanja.

Cha kuhifadhiwa

Katika hifadhi ya kumbukumbu za dunia, mawe yamepata haki yake: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, Gedi mwaka 2024. Nyumba ya miti na udongo haiwezi kuhifadhiwa kwa njia hiyo hiyo. Ukiizungushia ua na kumkataza mtu kuigusa, masika mawili yataiangusha. Nyumba hii huhifadhiwa kwa kuguswa: kwa kubadilisha nguzo, kwa kukandika upya, kwa kuezua na kuezeka. Umri wake haumo katika mti bali katika mikono inayojua, katika maneno yanayoiongoza mikono hiyo, na katika haki ya mtu kukaa mahali pale pale muda wa kutosha ili mwanawe ajifunze.

Kazi ya wanalugha katika jambo hili ni kubwa. Maneno kama kombamoyo, mwamba wa nyumba, kiambaza, kutomea, mazio na banaa yamekwisha kuwa mageni kwa vijana wengi wa mijini, na katika kamusi huelezwa kwa ufupi, pasipo picha wala mpangilio wa kazi. Yanapaswa kukusanywa kwa mafundi wenyewe, pamoja na tofauti zake kutoka Lamu hadi Kilwa, wakati mafundi hao wangali wakijenga. Na kazi ya wanahistoria ni kuacha kuliandika neno nyumba ya muda kana kwamba ni sifa ya udongo. Nyumba iliyosimama Shanga katika karne ya 8 na ikasimama Mombasa katika karne ya 21, kwa nguzo zile zile za mikoko na kwa msamiati ule ule, imekwisha kuthibitisha kudumu kwake. Lililobaki ni kuwapa wakaao ndani yake haki ya kudumu pamoja nayo.